Msumeno wa mnyororo unaozimikazimika: kuifuata njia ya mafuta kutoka tangi hadi plagi

Unazimika lini hasa? Ukiwa umeuacha ungurume wenyewe bila kuubana, ukipiga resi, ukiwa katikati ya gogo, ukiulaza ubavu kukata tawi la chini, au baada ya robo saa ya kazi isiyo na kasoro? Jibu la swali hilo lina faida kuliko kopo zima la dawa ya kusafishia kabureta, kwa sababu kila namna ya kuzimika ina chanzo chake. Wengi hawajiulizi. Wanachukua bisibisi nyembamba, wanazungusha skrubu za kabureta, na baada ya saa nzima wana matatizo mawili: lile walilokuja nalo, na kabureta ambayo hakuna tena anayejua ilikuwa imetegwa wapi.

Nasema hivyo kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao. Siku moja nilifungua kabureta ileile mara tatu. Nikabadilisha utando, nikapuliza matundu, nikafunga. Msumeno ukafanya kazi dakika chache, ukazima. Nilipochoka nikafungua kifuniko cha tangi nimwage mafuta nikalale, nikasikia tangi linavuta pumzi: fyuuu. Tundu la hewa lilikuwa limezibwa na unga wa mbao. Tangu siku hiyo kabureta naifikia mwisho.

Mafuta yanapita wapi

Ukiijua njia, dalili zinajieleza zenyewe. Ndani ya tangi kuna mpira laini wenye filta nzito kwenye ncha. Uzito wake huifanya ifuate mafuta popote tangi linapoelemea, ndiyo maana msumeno unaweza kukata ukiwa umelala ubavu au umepinduliwa juu chini. Mpira unapanda hadi kwenye kabureta. Humo hakuna boya kama kwenye kabureta ya pikipiki. Kuna tando mbili. Utando wa kwanza ni pampu: unatikiswa na mapigo ya hewa yanayotoka kwenye nyumba ya kranki (chumba kilicho chini ya pistoni), na ndio unaovuta mafuta kutoka tangini. Yakishavutwa hupita kwenye kichujio cha wavu mdogo sana, kisha kwenye sindano inayofungua na kufunga. Utando wa pili, ule wa kupimia, ndio unaoiamuru sindano hiyo kupitia mkono mdogo wa chuma. Mwisho mafuta yanaingia kwenye mkondo wa hewa kupitia matundu mawili makuu: moja la mwendo mdogo, lenye skrubu iliyoandikwa L, na jingine la mwendo mkubwa, lenye skrubu H.

Tangi nalo lazima livute hewa kufidia mafuta yanayotoka, na kuna kivalvu kidogo cha kazi hiyo.

Kwa hiyo injini ikikosa mafuta, ama hayakutoka tangini, ama yamekwama njiani, ama yamefika lakini hewa ya wizi imeingia na kuyazidi. Na ikizidiwa na mafuta, ama sindano haifungi, ama hewa halali imezibwa.

Je, ni mafuta kweli?

Sikiliza inavyokufa. Injini inayokosa mafuta haikati ghafla. Mara nyingi hupandisha sauti kwanza, inalia kwa wembamba kama inayokimbia bila mzigo, halafu inafifia na kufa. Injini iliyozidiwa na mafuta hufanya kinyume: inanguruma kwa uzito, inatoa moshi, inakohoa, inazama. Ile inayokata ghafla kama mtu aliyebonyeza swichi, hiyo mshuku umeme: koili (inayotoa umeme wa cheche), waya wa swichi ya kuzimia, au kofia ya plagi.

Koili inastahili neno zaidi kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Koili mbovu inaweza kutoa cheche nzuri ikiwa baridi, ikikatika baada ya kupata moto, kisha ikarudi baada ya kupoa. Dalili hiyo ni pacha wa tangi lililoziba hewa. Namna ya kuwatofautisha pacha hawa ni kupima papo hapo, injini ikiwa bado ya moto. Msumeno ukizima tu, toa plagi, ivalishe kofia yake, iguse kwenye chuma cha silinda mbali na tundu la plagi, kisha vuta kamba. Nasisitiza mbali na tundu, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo unaweza kuwaka. Cheche zikionekana, rudi kwenye mafuta.

Plagi hiyohiyo uliyoishika mkononi ni shahidi mwingine. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi huku choki (kizibo cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha) imefungwa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, tena kupita kiasi, au cheche hakuna.

Anza na kilichomo kwenye dumu

Kabla hujashika kifaa chochote, mwaga mafuta yaliyomo tangini, suuza tangi kwa mchanganyiko mpya kidogo, mwaga tena, jaza mapya, jaribu. Ni kazi ya dakika kumi. Watu huiruka kwa sababu haionekani kuwa ufundi, lakini misumeno mingi inayopelekwa kwa fundi hupona hapo.

Mchanganyiko wa petroli na oili huanza kuchoka baada ya mwezi mmoja hivi. Sehemu nyepesi ya petroli, ile inayowaka upesi na kurahisisha kuwasha, ndiyo inayotoroka kwanza. Inayobaki ni nzito, inanuka kama vanishi, na ikikaa kwenye kabureta inaacha gundi ya kahawia inayoziba matundu. Petroli nzuri ina harufu kali inayopanda puani. Ukinusa dumu ukapata harufu ya rangi ya zamani, usibishane nalo.

Halafu kuna maji. Petroli nyingi siku hizi huchanganywa na ethanoli, na ethanoli hupenda maji. Huyavuta hata kutoka kwenye unyevu wa hewa, dumu likiachwa nusu tupu au kifuniko kikiwa hakikazi. Kwa muda itayabeba, mafuta yataonekana safi. Maji yakizidi kiasi fulani, ambacho kwa petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli hakifiki hata asilimia moja, ethanoli na maji hujitenga pamoja na kuzama chini. Na chini ya tangi ndipo filta ilipolala. Injini itanyonya tabaka lile la maji na ethanoli, itakohoa, itazima. Kibaya zaidi, oili hubaki juu pamoja na petroli, kwa hiyo tabaka hilo la chini halina ulainishaji wowote. Msumeno ukibahatika kuwaka kwa mafuta hayo, ndipo pistoni inapokwaruzika.

Kupima ni rahisi: mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie nusu saa mahali pa usalama. Ukiona mstari unaogawa tabaka mbili, au matone yanayotembea chini kama zebaki ukiinamisha chupa, dumu zima halifai kwa msumeno. Hakuna kulichuja.

Kipimo cha oili nacho kina msiba wake. Misumeno mingi ya sasa hutaka 1 kwa 50, yaani mililita 20 za oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa lita 5. Baadhi ya mashine za zamani hutaka 1 kwa 25, mililita 40 kwa lita. Fuata kitabu cha mashine yako. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa, na usitumie oili ya injini ya gari, ambayo haikutengenezwa iungue pamoja na petroli na itaacha masizi kwenye plagi na ekzosi. Kuna wanaoamini kwamba kuzidisha oili ni kuipenda injini. Injini inapata moshi, plagi inachafuka, na jambo ambalo wengi hawalifikirii: oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli katika kila tone, hivyo mwako wenyewe unakosa petroli. Oili ikikosekana kabisa, zima mara moja ukigundua, kwa sababu silinda haitangoja umalize gogo.

Tikisa dumu kabla ya kumimina. Na ukijaza, sogea angalau mita 3 kutoka ulipojazia ndipo uwashe.

Unafanya kazi vizuri dakika kadhaa, unafifia, unazima. Ukipumzishwa unawaka tena

Hii ndiyo dalili ya tangi lisilopumua. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, mvutano unajengeka ndani hadi pampu ya kabureta inashindwa. Ukikaa dakika tano hewa hupenyeza taratibu, nawe unadhani msumeno "ulikuwa umechoka".

Jaribio lake halihitaji hata bisibisi. Msumeno ukianza kufifia, uzime, weka chini, legeza kifuniko cha tangi polepole. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, na msumeno ukawaka mara moja baada ya hapo, umempata mwenyewe. Legeza polepole kwa sababu kuna uwezekano wa kinyume: kwenye joto kali tangi linaweza kuwa na shinikizo linalosukuma kutoka ndani kwenda nje, na petroli ikakurukia.

Kivalvu chenyewe huwa karibu na tangi, wakati mwingine nyuma ya kabureta au ndani ya kishikio. Kingine kina umbo la mdomo wa bata, kingine ni kijiti cha plastiki chenye kichujio. Kisafishe kwa hewa kutoka upande wa nje, lakini ukiona mpira umekauka, badilisha. Usikitoboe kwa sindano. Kimeundwa kuingiza hewa na kuzuia mafuta, na ukikitoboa msumeno utakojoa petroli kila ukiulaza.

Sailensa ni nzuri, lakini ukibana resi au ukiingia kwenye gogo unazama

Sailensa ni ule mzunguko wa injini ukiwa umeachia resi. Injini isipobanwa hutumia mafuta kidogo mno, hata njia iliyoziba nusu inatosha. Ukidai nguvu, ndipo ufinyu unapojitokeza. Kwa hiyo hapa unatafuta kizuizi.

Filta ya tangi kwanza. Ivute kwa waya uliokunjwa ncha kama ndoana, kwa upole, kwa kuwa unavuta kupitia mpira ambao huenda umeshazeeka. Filta inaweza kuonekana nyeupe kabisa na bado ikawa imezibwa na ile gundi ya vanishi, kwa hiyo macho hayatoshi. Ni kitu kidogo; badilisha tu. Wapo wanaoitoa na kuendelea bila filta, msumeno unaimba, wanafurahi. Wiki mbili baadaye uchafu wote umehamia kwenye kichujio cha wavu ndani ya kabureta, na kukifikia hicho ni kuifungua yote.

Mpira wa mafuta unafuata. Ukunje na kuunyoosha, hasa pale unapopita kwenye ukuta wa tangi na pale unapovaa kwenye kabureta. Ufa mwembamba kama unywele hautoi tone hata moja la mafuta ukitazamwa, lakini pampu ikivuta, unaingiza hewa. Mpira uliolegea kama mlenda au kukakamaa kama mti, wote umekwisha. Kama msumeno wako una kipira cha kubonyeza cha kusukumia mafuta, kitazame ukikibonyeza. Mapovu yasiyokwisha baada ya kubonyeza mara kumi na zaidi ni habari ya hewa kuingia mahali fulani kabla ya kipira hicho, au kipira chenyewe kimepasuka.

Hapa pia kuna mkosaji wa nje ya mafuta. Mdomo wa ekzosi una wavu wa kuzuia cheche, na wavu huo ukijaa masizi injini haiwezi kutoa pumzi, hivyo haiwezi kuvuta nyingine. Dalili ni ileile: sailensa ipo, nguvu hakuna. Toa wavu, usugue kwa brashi ya waya, rudisha. Filta ya hewa nayo ikung'utwe. Ikiziba, injini inakula mafuta mengi kuliko hewa na kuzama kwa moshi mweusi.

Kama vyote hivyo ni vizima, umebaki na kichujio cha wavu ndani ya kabureta, utando wa pampu uliokakamaa, au skrubu ya H iliyofungwa mno. Kumbuka dalili ya H iliyofungwa mno: msumeno unalia kwa sauti nyembamba ya juu, unavutia masikio, halafu ukiingia kwenye gogo unakosa nguvu. Hiyo sauti nzuri ndiyo inayoua pistoni, kwa kuwa mafuta machache ni oili chache.

Unazima ukiuinamisha au kuulaza ubavu

Kama hutokea tangi likiwa karibu tupu tu, hakuna ugonjwa. Likiwa limejaa nusu na bado msumeno unazima, fungua utazame kama filta inafika pembe zote za tangi. Mara nyingi utakuta mpira umekakamaa, hauwezi tena kufuata mafuta, au ulibadilishwa kwa mpira mfupi, au filta imechomoka na kulala peke yake chini. Mpira ukiwa mzima, tazama utando wa kupimia na mkono wa sindano: ukikaa juu kuliko inavyotakiwa, sindano inaruhusu mafuta ya ziada kila msumeno unapogeuzwa.

Ukizima upande mmoja tu, na ukiurudisha sawa unapandisha mzunguko wenyewe, peleka shaka kwenye sili za kranki, yaani mipira inayozuia hewa kupenya kando ya kranki.

Hautulii kwenye sailensa

Sailensa ni pale ambapo watu hutesa skrubu bure. Kuna skrubu ya tatu, LA kwenye baadhi ya mashine na T kwenye nyingine. Yenyewe haigusi mafuta. Inasukuma tu mlango wa hewa. Kama msumeno unazima kila ukiachia resi lakini vinginevyo una afya, izungushe kidogo kulia. Mnyororo ukianza kutembea wenyewe umezidisha. Rudisha hadi usimame kabisa.

Ikiwa sailensa inapanda na kushuka yenyewe, au injini inachelewa kurudi chini ukiachia resi, au leo umeitega vizuri na kesho imehama, acha skrubu. Hiyo ni hewa ya wizi: mpira unaounganisha kabureta na silinda umepasuka, gasketi imechoka, nati za kabureta zimelegea, au sili za kranki zimekwisha. Kaza nati, kagua mpira huo kwa kuukunja huku na huku. Sili zinahitaji kupimwa kwa pampu ndogo ya shinikizo na mvutano, ukiwa umeziba tundu la kabureta na la ekzosi. Kama huna kifaa hicho, hapo ndipo mahali halali pa kumpelekea fundi. Usiukate kuni huku ukijua unavuta hewa, kwa maana kila dakika ni ya ukavu ndani ya silinda.

Dada yake dalili hiyo ni msumeno unaokubali kuwaka ukiwa na choki tu, ukiifungua choki unakufa. Choki inapunguza hewa. Kama injini inaipenda, basi kwa kawaida mafuta hayaitoshi au hewa imezidi. Angalia tundu la L lililoziba, utando wa kupimia uliokakamaa, au hiyohiyo hewa ya wizi.

Unalowa, unatoa moshi, plagi ni nyeusi na mbichi

Mara nyingine kosa ni la mkono. Kuvuta kamba mara nane huku choki imefungwa, wakati injini ilishakohoa mara ya kwanza, kunaifurikisha. Kikohozi hicho ndicho ishara ya kufungua choki. Kama imeshafurika, toa plagi, weka swichi kwenye kuzima, geuza tundu mbali na uso, vuta kamba mara kadhaa mafuta yatoke, kausha plagi, rudisha, kisha washa bila choki ukiwa umebana resi hadi mwisho.

Ikifurika bila wewe kukosea, sindano haifungi. Chembe ya uchafu imekaa kwenye kiti chake, au ncha imelika. Jaribio zuri: chomoa mpira wa mafuta kutoka tangini, upulize kwa pampu ndogo yenye geji kuelekea kabureta. Mshale wa geji ukishuka, kuna mahali panavuja. Chovya kabureta kwenye mafuta ya taa uone mapovu yanatokea wapi.

Na ule msumeno unaogoma kuwaka ukiwa wa moto, baada ya kuuweka chini dakika kumi kwenye jua? Petroli imechemka kwenye kabureta na mpira, mvuke umechukua nafasi ya mafuta. Uweke kivulini, safisha mapezi ya kupoozea silinda ambayo mara nyingi yamejaa unga wa mbao wenye oili, bonyeza kipira cha mafuta kama kipo, washa bila choki.

Kama kabureta haikwepeki

Futa na kupuliza nje yote kabla ya kufungua hata skrubu moja. Piga picha kila hatua. Hesabu mizunguko ya L na H kwa kuzifunga taratibu hadi ziguse, bila kukaza, na uandike, halafu ndipo uzitoe.

Kosa la kawaida katika kuirudisha ni mpangilio wa gasketi na tando. Kwa kabureta nyingi za misumeno, upande wa pampu utando ndio unaogusa mwili wa kabureta, gasketi inafuata chini ya kifuniko. Upande wa kupimia ni kinyume: gasketi kwanza, kisha utando. Ukigeuza, msumeno utawaka vibaya au hautawaka kabisa, nawe utaapa kwamba vipuri ni feki. Utando mzuri ni laini na hautoi sauti. Ukiutikisa karibu na sikio ukasikia unavyokwaruza kama karatasi ya nailoni, umekakamaa. Nunua seti nzima yenye tando, gasketi, sindano na wavu, ubadilishe vyote pamoja.

Matundu yapulizwe kwa dawa na hewa. Usiingize waya, kwa sababu upana wa tundu ndio kipimo chenyewe. Usipulize hewa ya kompresa ukiwa umeacha tando ndani.

Kutega, baada ya kila kitu kingine kuwa sawa

Misumeno yenye kutegwa kwa elektroniki, kama ile yenye mfumo wa M-Tronic wa Stihl au AutoTune wa Husqvarna, haina skrubu za L na H za kuchezea. Yenyewe hujitega ukiifanyisha kazi. Kwa mingine, anza kwa mizunguko iliyoandikwa kitabuni. Kwa misumeno mingi ni kama mzunguko mmoja kutoka ilipofungwa. Filta ya hewa iwe safi, mnyororo na baa (bamba la chuma linalobeba mnyororo) viwe vimefungwa mahali pake, injini imepata moto kwa dakika kadhaa za kazi.

L kwanza. Ukiifunga kulia mafuta yanapungua, ukiifungua kushoto yanaongezeka. Tafuta mahali sailensa inapopanda zaidi, kisha fungua kidogo, robo ya mzunguko au pungufu. Bana resi ghafla: ikisita kabla ya kupanda, mafuta hayatoshi, ikipanda kwa moshi na uzito, yamezidi. Ndipo urudi kwenye LA.

H ni ya mwisho, na hapa uwe mchoyo wa kufunga. Bana resi yote bila mzigo kwa sekunde chache tu. Unataka sauti yenye mkoromo kidogo, kama inayoruka mapigo, ambayo inasafika mara baa inapoingia kwenye mti. Ikiwa safi na nyembamba tayari kabla ya kugusa mti, ifungue kushoto. Ukiwa na kipimo cha mizunguko, tumia takwimu ya kitabu. Misumeno mingi huruhusiwa kati ya mizunguko 12,000 na 14,000 kwa dakika bila mzigo.

Usiutangaze umepona baada ya kata mbili. Tangi lililoziba na koili inayokatika kwa joto havijionyeshi kwenye injini baridi. Kata matangi mawili mfululizo, la pili ukilianza injini ikiwa bado ya moto. Zima ukiwa kwenye kazi nzito, subiri ipoe, toa plagi. Rangi ya kahawia ya maziwa ya chai inamaanisha unaweza kufunga kifuniko. Nyeusi yenye masizi, fungua filta ya hewa tena uitazame. Nyeupe kama chokaa, usiuwashe hadi ujue hewa inaingilia wapi.